Nyama Niliyoifuata Kwenye Upepo

Shemeji yangu alipokuja kunijulisha kwamba yeye ndiye atakayekata nyama siku ya posa ya binti yangu, nilikuwa nakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na sikugeuka. Nasema kunijulisha kwa sababu hakuja kuniomba. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akavuta suruali magotini isije ikapoteza pasi, akalitamka jambo lenyewe kama mtu anayekumbusha siku ya kutoa takataka.

Kwetu, kwenye milima inayolitazama ziwa, mashariki ya Kongo, wakwe wanapokuja kuposa huandaliwa nyama ya porini. Aliyeileta nyama ndiye anayeikata mbele ya watu wote, na anayeikata ndiye anayejibu swali ambalo upande wa mume hauna budi kuuliza: mtoto huyu ni wa nani? Atakayejibu ndiye mwenye binti. Ndiye atakayeshukuriwa, na ndiye atakayeitwa siku ndoa ikiingia mdudu. Kuna watu wanaodhani jambo hili ni mchezo wa kufurahisha wageni, lakini mimi nimeona mwanamke aliyepigwa akarudi nyumbani kwao, na aliyeitwa kuja kulizungumza alikuwa mjomba mlevi, kwa sababu yeye ndiye aliyekata nyama.

Baba wa binti yangu aliuawa vitani wakati mtoto bado anabebwa mgongoni, na mgongo huo ulikuwa wangu. Ulivuka naye ziwa, ukakaa naye kambini Tanzania, ukapanda naye ndege, ukamshusha Birmingham katika miaka ambayo Wakongo tulikuwa wachache hata tukisikia mtu anaongea Kiswahili kwenye basi tunamfuata mpaka kituo chake. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuja baadaye akatukuta mtoto ameshaanza sekondari. Si mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, akiwapeleka wagonjwa hospitali kwa gari lake, akiwasomea watu barua za Kiingereza. Lakini hata kamba za viatu hakuwahi kumfunga mtoto huyu, na sasa alitaka kusimama na kisu mbele ya wakwe aseme ni wake.

Nikamuuliza, bado nimempa mgongo, kama mila inasema mwanaume ndiye anayekata au inasema aliyeleta. Akajibu ni kitu kimoja. Nikamwambia si kitu kimoja. Tangu tufike Uingereza watu wetu walikuwa wameacha nyama ya porini na kutumia mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa Kipakistani hapo hapo mtaani kwetu Lozells, na hakuna mzee aliyelalamika kwamba mila imekufa. Nyama walikuwa wameibadilisha bila kikao. Mwanaume tu ndiye hawakumgusa.

Alicheka. Binti yangu alikuwa amekaa sebuleni na mchumba wake, kijana wa Kikenya aliyekuwa nesi na kuishi mtaa wa Selly Oak, na mlango ulikuwa wazi. Shemeji akapaza sauti ili nao wapate sehemu yao ya kicheko.

"Basi, enda ulete weye, shemegi. Enda mu pori ya Birmingham ulete nyama, utakata. Hakuna mutu atakukataza."

Nikazima jiko. Nikamwambia nimesikia, na mashahidi wamesikia.

Alipoondoka binti yangu aliniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba niachane na jambo hili, ni nyama tu. Kama ingekuwa nyama tu, nilimwambia, baba yako mdogo asingevaa suti kuja kuizungumza.

Sasa, pori la Birmingham nilikuwa nalijua, na hilo shemeji hakulifikiria. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipanda treni kwenda Sutton Coldfield kumhudumia bibi mmoja ambaye hakuweza tena kutoka kitandani. Binti yake, mwanamke mwenye mvi na maneno machache, alikuwa akiwinda. Mle nje ya mji, mashamba yanapoanza, kaka yake alikuwa na shamba na msitu mdogo, na wale wanyama wao wa porini wanaofanana na swala walikuwa wakiharibu miche. Nitawaita swala, ingawa najua wako watakaonisahihisha. Yeye alikuwa na kibali, akiwapunguza kila majira ya baridi, na mara nyingi nilimkuta jikoni akikatakata paja huku mimi nikimpashia mama yake uji. Hakuna mtu aliyekuwa akimuuliza kwa nini mwanamke anashika bunduki. Hilo nililitazama sana.

Bibi alipofariki, yule mwanamke alinishika mkono mlangoni akaniambia nikihitaji chochote nisisite kumwambia. Waingereza hulisema neno hilo kama sisi tunavyosema karibu chakula kwa mtu anayepita, hawatarajii ukae. Mimi nilikaa. Nilimpigia simu nikamwambia nahitaji swala, na nahitaji kumpiga mwenyewe.

Akauliza kama nimewahi kushika bunduki. Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Bunduki nilizijua kwa upande ule mwingine, upande wa mbele. Niliwahi kulala kifudifudi shambani zikipita juu yangu, nimemziba mtoto mdomo kwa kiganja. Sikumwambia hayo kwenye simu. Alisema sheria inaniruhusu kutumia yake akiwa amesimama kando yangu kwenye ardhi yao, lakini kwanza atanipima kwa karatasi ya shabaha, na nisipoipiga karatasi vizuri sitampiga mnyama, maana hataki mnyama ateseke kwa ajili ya sherehe ya mtu. Nikampenda kwa neno hilo.

Siku ya karatasi niliaibika kidogo, kama kuna anayetaka kujua. Alinilaza nyuma ya mfuko wa mchanga, akanionyesha pa kuweka shavu, na mlio wa kwanza ulipotoka niliiacha bunduki nikafunika kichwa kwa mikono. Nilikuwa sipo Uingereza tena. Yeye aliitoa risasi iliyobaki, akaketi kwenye majani, akatoa chupa ya chai. Hakunishika bega wala hakuniuliza chochote. Nilipokifunua kichwa nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hasira juu ya wale wanaume wote waliofanya mlio ule uwe wao peke yao. Nikamwambia tujaribu tena. Nikapiga, nikapiga tena, mpaka karatasi ikatoboka pale alipotaka itoboke.

Safari ya kwanza msituni niliiharibu mimi. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi, ule wa Februari unaogeuza miavuli, na mimi nikaufurahia. Nilijiambia upepo kama huu utachukua harufu zetu zote uzitupe mbali. Tukaingia kwa uangalifu, yeye mbele, mimi nyuma, upepo ukitupiga usoni. Chini ya msitu walisimama watano au sita, vichwa chini, wanakula. Nikaanza kupiga magoti kama nilivyofundishwa. Ghafla jike lililokuwa pembeni likainua kichwa, likatazama moja kwa moja tulipokuwa, na wote wakaondoka.

Yule mwanamke akasimama, akanigeukia, akanusa. Alinieleza kwamba kwenye ukingo wa msitu upepo haufuati njia moja. Unaruka juu ya miti, unajikunja chini, unarudi ulikotoka. Ulikuwa umetuzunguka kwa nyuma na kuwapelekea habari zangu. Kisha akauliza, kwa adabu yote, kama koti langu lilikaa karibu na samaki.

Lilikaa karibu na samaki. Nyumba za Lozells zina ukumbi mwembamba kutoka mlangoni hadi jikoni, na makoti yote hutundikwa humo. Kila kitu nilichopika tangu tufike nchi ile kilikuwa ndani ya koti lile: ndagala, sombe yaani kisamvu, mafuta ya mawese, vitunguu. Mimi sikuwa naisikia harufu hiyo tena, na hakuna mtu kwenye ibada yetu angeisikia, kwa kuwa tulikuwa tunanukia hivyo sote. Wale swala walijua kabla hata hawajaniona kwamba kuna Mkongo msituni. Kwenye treni ya kurudi nilitaka kuona haya, nikashindwa. Nilikasirika tu. Niliwahi kuwaona abiria wakihama viti vyao polepole na sikuwahi kujua kwa nini. Sasa nikajua, na nikakaa katikati ya behewa nimekunja mikono, koti limefungwa vifungo vyote.

Hata hivyo, nyama niliitaka. Nilizifua nguo zangu za kuwindia bila sabuni ya manukato, nikazitundika uani nje kwenye upepo, na nyumbani nikapiga marufuku kukaanga. Tulikula viazi vya kuchemsha. Binti yangu alinung'unika, kisha akaanza kucheka, kisha siku moja nikamkuta uani anaziokota suruali zangu zilizoangushwa na upepo na kuzibana upya. Kwetu, mwindaji akiwa porini, mkewe nyumbani hatakiwi kugombana na mtu, ili mnyama asipate wasiwasi. Mimi nilikuwa mwindaji na mke kwa pamoja. Nikajitahidi kutogombana na mtu wiki nzima, na siku ya pili tu nikagombana na dereva wa basi.

Posa ilikuwa Jumamosi iliyofuata ile ambayo tungerudi msituni. Asubuhi ya siku ya kurudi msituni yule mwanamke alinipigia simu kuniambia tusiende. Upepo ulikuwa mbaya kuliko wa mara ya kwanza. Katika upepo wa namna hii, alisema, swala hawasikii vizuri, kwa hiyo wanaogopa kila tawi. Na mtu akilenga, mwili wake wote unatikisika. Nikamuuliza kama anataka kuniambia haiwezekani au anataka kuniambia ni vigumu. Akasema ni vigumu. Nikamwambia basi nimeshavaa.

Alikuja kunichukua kituoni, na niliona kwamba hakuchukia. Njiani alinifafanulia. Upepo ukizidi, hawasimami tena mahali pa wazi. Wanatafuta bonde, wanalala upande ambao mlima unawakinga. Tuwaendee kwa chini, uso wetu ukiwa kwenye upepo, tujiweke mbali na ule ukingo wa msitu uliotusaliti. Wao hawatatusikia. Kwa hiyo upepo ule ule unaotuzuia ndio utakaotufikisha karibu, tukiwa na subira.

Tuliingia kwenye mtaro wa kando ya shamba, na humo tukatambaa. Nilikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na mtaro ulikuwa na maji. Upepo ulipita juu yetu kwa kelele hata sikusikia pumzi zangu. Kila nilipotaka kupumzika nilimkumbuka shemeji akivuta suruali yake magotini, nikaenda tena. Sisemi kwamba nilisali. Nilikuwa nimesali nyumbani. Mtaroni nilikuwa na shughuli nyingine.

Mtaro ulipokwisha, yule mwanamke akaweka kiganja chini: tulia. Bondeni, nyuma ya tuta la majani, majike matatu yalikuwa yamelala na moja limesimama ubavu, manyoya yake yakifunuliwa na upepo. Walikuwa karibu kiasi kwamba niliona sikio likigeuka. Alitaka kufungua magongo ya kuegemezea bunduki, upepo ukayayumbisha, akayaacha. Akauweka mfuko wake wa mgongoni chini, bunduki juu yake, nami nikalala nyuma yake kwenye tope, shavu mahali pake.

Kwenye darubini mnyama alikuwa akipanda na kushuka. Ni mimi niliyekuwa nikipanda na kushuka. Upepo ulinisukuma bega, ukanitoa machozi, ukaipiga kofia yangu masikioni. Alininong'oneza nisishindane nao, nisubiri uvute pumzi, maana upepo nao huchoka. Nikasubiri. Kidole kilikuwa baridi hata sikukihisi. Nikafikiri: akiondoka huyu, Jumamosi nitakaa kwenye viti vya akina mama na kitambaa changu kichwani nikimsikiliza mtu mwingine akisema mtoto ni wake. Nikaendelea kusubiri. Kisha majani mbele yangu yakasimama wima, yote, na mnyama akatulia katikati ya mduara, nikavuta.

Akaruka mara moja, akaenda hatua chache, akaanguka. Wale wengine wakapotea. Sikufunika kichwa.

Yule mwanamke aliniacha nimguse wa kwanza. Alikuwa wa moto chini ya kwapa, macho wazi. Nilimhurumia, na nilifurahi, na sioni kwa nini nichague moja. Tukampasua pale pale, yeye akinielekeza kwa sababu kila mtu ana njia yake, na nilipotoa maini yakafuka moshi kwenye baridi. Hapo ndipo akachovya vidole viwili kwenye damu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyoosha mkono kuelekea paji langu. Alisema ni desturi yao: anayeua mnyama wake wa kwanza hupakwa damu usoni, na haruhusiwi kuinawa mpaka jioni. Babu yake alimpaka yeye akiwa msichana.

Nikaushika mkono wake hewani. Sikuushika kwa hasira, ila niliushika sana.

"Hapana," nilimwambia. "Damu usoni nimeshapakwa. Siku hizo hakuna aliyeniuliza."

Kisha akainama akaifuta mikono yake kwenye majani, pole pole, kidole kimoja kimoja, na akaniomba radhi. Nikamwambia hana kosa. Nikamwomba kitu kingine: kichwa kibaki. Wao hukitupa. Kwetu kichwa ndicho kinachoonyesha kwamba nyama haikutoka dukani. Hakuuliza zaidi, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kwa wiki nzima kilikaa kwenye friza yangu chini ya mbaazi huku binti yangu akikataa kabisa kuifungua.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Wakenya walikuja kutoka Selly Oak na kwingine, wamevaa vizuri, na msemaji wao alikuwa mama yake mkubwa wa kijana, mkunga, aliyezoea kuzungumza na watu wenye uchungu. Nilitoka jikoni na sinia kubwa: paja, mbavu, shingo, na kichwa kimekaa mbele na masikio yake. Kelele zikapungua meza baada ya meza. Shemeji alikuwa ameshasimama, ameshakunja mikono ya shati, kisu mkononi.

Alikitazama kichwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni mbuzi gani huyu. Nikamwambia si mbuzi, ni yule mnyama wa porini ambaye yeye mwenyewe alinituma nikamlete. Nilimweleza wapi, lini na nani alikuwa shahidi, na nilihakikisha meza ya nyuma inasikia. Uso wake ukabadilika, lakini alikuwa mtu wa maneno, akatafuta mlango mwingine.

"Bunduki haiko yako. Pori haiko yako. Bya bazungu byote. Utasema vipi ni nyama yako?"

Nilikuwa nimelitarajia hilo. Baba yao, mkwe wangu, anayesifiwa kwa uwindaji mpaka leo, aliwinda maisha yake yote kwa bunduki ya misheni. Asubuhi anaichukua kwa padri, jioni anairudisha na paja moja la shukrani. Kila mtu wa kwetu mle ukumbini alilijua hilo.

"Na ya papa yako," nilimuuliza, "bunduki ilikuwaka ya nani?"

Mzee mmoja wa kwetu akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Ningeweza kumwongezea mengine. Nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga kwenye treni. Lakini shemeji alikigeuza kisu, akanipa kwa upande wa mpini.

Nikakata. Niliwakatia wakwe mbavu, wazee paja, na shemeji nikamkatia shingo, sehemu ambayo mila inampa mdogo wa baba wa binti. Nilimkatia nzima, bila kupunguza, nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Aliipokea kwa mikono miwili.

Ndipo mkunga akasimama. Akashukuru kwa mapokezi, akashukuru kwa nyama, akasema wao upande wao hawajawahi kuona posa ya namna hii. Kisha akauliza lile swali, kama alivyoelezwa na wazee wetu, mtoto huyu ni wa nani, na kwa mazoea ya kila posa aliyowahi kusimamia alikuwa amemwelekea shemeji. Watu wote wakamwelekea. Shemeji akamaliza kutafuna, akafuta mdomo.

"Muulize mama yake," alisema.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na ziwa ndani yake, na kambi, na marehemu, na baridi ya mwaka wa kwanza. Nilimtazama binti yangu aliyekuwa amekaa wima kwenye gauni lake la kitenge, nikamtazama yule kijana kando yake, mpole, mikono juu ya magoti, na hotuba yote nikaiona ndefu mno.

"Ni wangu," nilisema. "Mkimtesa, nitakuja."

Ukumbi mzima ukacheka, Wakenya na Wakongo, hata mchungaji. Mimi sikucheka. Yule kijana pia hakucheka, alisimama, akaitikia kwa kichwa, na akasema, "Nimesikia, mama."